Kona ya Nne

Katika kazi yetu ya kupanga mizigo, kabla mashine haijaichukua, palikuwa na desturi moja ambayo hakuna aliyeiandika popote wala aliyethubutu kuiruka. Mpangaji alipomaliza paleti yake, lile jukwaa la mbao lenye katoni juu yake, aliizunguka na kuweka kiganja kwenye kona zake nne, chini kabisa, katika safu ya kwanza ya katoni. Mzigo uliopangwa vibaya hupumua. Ukiweka kiganja unahisi safu ya chini ikisukumwa kidogo kuja nje, kama tumbo la mtu aliyelala. Ukihisi hivyo unabomoa na kuanza upya, hata dereva wa foklifti anayesubiri kuunyanyua akutukane vipi. Kona tatu hazikutosha. Nilishuhudia mzigo ukimwangukia mwenzetu kwa sababu ya kona moja ambayo haikuguswa, na mwenzetu huyo hakurudi kazini.

Nilifanya kazi hiyo kwa miaka thelathini na mmoja katika kiwanda cha sabuni, kumi na tisa ya mwisho nikiwa mkuu wa kikosi cha wapangaji kumi na wanne. Nayasema haya ili ieleweke kwamba mtu aliyeingia ndani ya uzio siku ile hakuwa mtalii.

Siku ile ilikuwa ya mjukuu wangu. Ni binti wa kwanza wa mwanangu wa kiume, na tulimlea mimi na marehemu bibi yake tangu akiwa na umri wa miaka sita. Daftari lake nililikagua kila jioni. Herufi iliyopinda aliifuta akaiandika upya. Siku moja nilipasua ukurasa mzima kwa sababu ya jibu alilonakili kwa mwenzake, na jibu lenyewe lilikuwa sahihi. Bibi yake hakusema nami hadi kesho yake. Mtoto hakulia, aliomba ukurasa mwingine.

Sasa ni fundi mitambo, na kiwanda kilichonistaafisha mimi ndicho kilichomchukua yeye, lakini kwa mikataba ya miezi mitatu mitatu. Kila mkataba ulipokaribia kwisha, usingizi ulimpaa. Kiwanda kilipoleta mtambo wa kupanga mizigo, Meneja alitangaza kwamba atamwajiri mtu mmoja kwa kudumu awe msimamizi wake. Mtahiniwa angeuendesha kwa saa nne mfululizo, tangu saa mbili asubuhi hadi saa sita, mbele ya wakaguzi wawili waliotumwa na wauzaji wa mtambo. Katoni zikipungua mtambo ukasubiri, hilo lisingehesabiwa. Lakini ukisimama kwa sababu za usalama, yaani mtu kavuta kamba ya dharura, kafungua mlango au kakatiza pazia la mwanga, mtihani umekwisha hapo hapo. Kulikuwa na mwenzake mmoja ambaye zamu yake ya kutahiniwa ilikuwa kesho yake, na mwenzake huyo alikuwa amekwisha kunyoa nywele tayari kwa picha ya kitambulisho.

Wastaafu tulialikwa. Wengi hawakuja, hawakutaka kuona uso wa kilichowaondoa. Mimi nilivaa koti langu la kijivu na kufika saa moja na nusu.

"Babu," aliniambia mjukuu wangu mlangoni, "leo wewe ni mgeni. Mgeni hukaa nyuma ya mstari wa njano."

"Mstari huo nilikuwa nikiupaka mimi, wewe hujazaliwa."

"Ndiyo maana umefutika. Simama nyuma yake."

Akanionyesha mtambo kama mtu anayemwonyesha mzee nyumba aliyojenga. Uzio wa waya wa miraba, mrefu kuliko mtu, ulizunguka pande zote. Ndani yake mkono mmoja wa chuma, mnene kama shina la mnazi, ulikuwa na vikombe vya mpira vya kufyonza mahali ambapo mtu ana vidole. Katoni zilikuja kwenye mkanda, thelathini kwa dakika. Mkono ulizinyakua tano tano, ukazigeuza hewani na kuzilaza. Katoni kumi safu moja, safu sita paleti moja, kila dakika mbili. Paleti iliyojaa ilitoka juu ya roli, vyuma vya duara vinavyozunguka, kupitia mwanya ulioachwa kwenye uzio, ikaingia moja kwa moja kwenye mashine ya kuifunga nailoni. Paleti tupu ilidondoka kutoka kwenye mnara wa paleti ulio nyuma, ikaja kushika nafasi yake.

"Na mtu akitaka kuingia?"

"Mlangoni, kwa ufunguo huu." Ulikuwa mmoja, umefungwa kwenye utepe mwekundu. "Ukiuchomoa, mtambo unazimika. Unaingia nao mfukoni, na maadamu uko mfukoni mwako hakuna anayeweza kuuwasha."

"Na pale mzigo unapotokea?"

"Kuna pazia la mwanga kati ya zile nguzo mbili. Halionekani, ila ukilikatiza kila kitu kinasimama. Mzigo unapopita linalala, kisha linaamka."

"Linalala kwa muda gani?"

"Sekunde tisa. Zilikuwa sita, Meneja akaniambia niziongeze, kwa sababu mizigo mingine inajivuta." Akanitazama. "Mbona unauliza kama mwizi, mume wangu?"

Hivyo ndivyo anavyonitania tangu utotoni, nami hujifanya sikusikia.

Nilikaa kwenye kiti nilichowekewa kwa saa tatu. Naungama kwamba kwa saa ya kwanza nilitafuta kosa. Nilitaka kuona katoni moja tu iliyokaa kombo. Sikuiona. Safu ya pili ilikata viungo vya safu ya kwanza, ya tatu ikakata vya pili, kama mwashi stadi anavyopishanisha matofali, kama nilivyowafundisha vijana wangu kwa sauti na wakati mwingine kwa kofi la kisogoni. Yalikuwa maarifa yangu, na hakukuwa na hata mmoja wetu aliyekuwa akitoka jasho. Lakini mzigo baada ya mzigo ulitoka bila kiganja cha mtu, na kila mmoja ulipopita mbele yangu mkono wangu wa kulia ulijikunja gotini.

Saa tano na dakika nane wakaguzi waligeuka na mjukuu wangu kuangalia namba kwenye kioo cha meza ya mitambo, upande wa pili, na wageni wote wakawatazama wao. Mzigo ulichomoza. Nikainuka.

Kona ya kwanza niliigusa ilipotokeza. Ya pili, kwa kunyoosha mkono mbele yake. Ya tatu niliigusa mzigo ukipita kati ya nguzo. Ya nne ilikuwa nyuma, upande wa mbali, na upande ule ukishatoka hufichwa na ubavu wa mashine ya nailoni. Mahali pekee pa kuifikia palikuwa nyuma ya mzigo. Nikaruka roli moja, nikauzunguka mgongo wake, nikaweka kiganja.

Haukupumua. Ulikuwa imara kama ukuta. Ukaondoka chini ya mkono wangu, nami nikabaki nimesimama na kiganja hewani, upande wa ndani.

Juu ya nguzo taa mbili ndogo zilibadilika kutoka kijani kuwa nyekundu. Pazia lilikuwa limeamka.

Nyuma yangu kitu kizito kilidondoka. Paleti tupu ilikuwa inanijia kwa usawa wa muundi. Nilirudi kinyumenyume, upande wa mbali na mwanya, na mkono wa chuma ukashuka na katoni zake tano mahali kilipokuwa kifua changu muda mfupi uliopita. Nikarudi tena. Mgongo wangu ukagota kwenye waya, katika pembe iliyo kati ya uzio na mnara wa paleti. Pembe ile ilikuwa kivulini mwa mnara, na upana wa mtu mmoja aliyesimama wima na kubana tumbo. Mkono ulipogeuka kuelekea mkandani, ukingo wa katoni ya mwisho ulipita mbele ya koti langu, na kati yake na vifungo vya koti palibaki upana wa viganja viwili.

Kando ya bega langu la kushoto, ikiwa imenyooshwa ndani ya uzio kuanzia mwanzo hadi mwisho, ilipita kamba nyekundu ya dharura.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini sikuivuta papo hapo. Nilijiuliza mwenyewe, na jibu lilikuja haraka kuliko pumzi: zilikuwa zimebaki dakika hamsini na mbili. Nikiivuta, king'ora kinalia, wakaguzi wanageuka, na wanakuta kwamba aliyemvunjia mtihani fundi ni babu yake. Nisipoivuta, nasimama. Kusimama nilikujua. Nilikuwa nimesimama maisha yangu yote.

Nikashusha mkono wa kushoto, nikauficha nyuma ya mgongo kama mtoto aliyekatazwa kugusa sahani.

Kutoka pale niliiona saa kubwa ya ukutani kupitia miraba ya waya, na kati ya safu za katoni niliona kipande cha meza ya mitambo. Mzigo ulipokuwa mfupi nilimwona mjukuu wangu hadi kiunoni. Ulipopanda nilimwona kichwa tu. Safu ya sita ilipowekwa sikumwona kabisa. Kisha mzigo ukaondoka, akatokea tena mzima. Mara ya tatu alipotokea, alikuwa ameligeukia kundi la wageni. Akatazama kiti changu. Kilikuwa kitupu. Alitazama mlango wa nje, akakunja midomo kidogo, akarudi kwenye kazi yake. Alidhani nimechoka nikaenda zangu.

Mzigo wa tano ulipokuwa unatoka nilijaribu. Sekunde tisa. Nilipiga hatua mbili kuelekea kwenye roli, goti la kulia likakataa, nalo lina desturi ya kukataa bila kunishauri. Paleti tupu ikaja. Ilinikwangua pua ya kiatu na kukivuta, nikajitupa nyuma kwenye pembe yangu. Vikombe vya mpira vikashuka vikifyonza upepo kwa mlio wa mtu anayekunywa chai ya moto. Sikujaribu tena.

Ilikuwa saa tano na dakika ishirini na sita nilipohisi pumzi ya mtu nyuma ya kisogo changu.

"Mkuu?"

Niligeuza shingo. Alikuwa Breki. Ni dereva wa foklifti, na jina hilo tulimpa sisi kwa sababu hajawahi kuvuka mlango wowote bila kusimama kwanza. Alianza kama mpangaji chini yangu. Alikuwa ameegesha foklifti yake nyuma ya uzio na kuweka mdomo kwenye waya.

"Mkuu, unafanya nini humo?"

"Punguza sauti."

"Nipunguze sauti? Humu hata radi ikipiga haisikiki! Umeingia kuomba kazi urudishiwe?"

"Niliingia kwa kona ya nne."

Akacheka, kicheko cha mtu anayeogopa. "Kona ya nne ya mashine? Mashine ina kompyuta, Mkuu, haina kona ya nne."

"Kila mzigo una kona nne."

"Haya. Na ilikuwaje?"

"Imara."

"Imara kabisa?"

"Kama ukuta."

"Basi umejipeleka bure," alisema Breki. "Ngoja nimwite mtoto achomoe ufunguo."

"Ukimwita, mtihani umekwisha. Kesho mwenzake anakaa kwenye kiti cha msimamizi."

"Na akae! Kiti ni kiti!"

"Breki. Zimebaki dakika thelathini na nne. Ukimwita, ukigusa chochote, mimi na wewe hatujuani tena hata kwenye msiba."

Mkono wa chuma ulipita. Nilibana tumbo. Breki aliuona ukipita, na uso wake ukasogea nyuma ingawa yeye alikuwa nje.

"Unakumbuka uliponisimamisha kazi siku tatu?" aliniuliza.

"Nakumbuka."

"Kwa kosa gani?"

"Ulisimama chini ya mzigo ulioinuliwa."

"Nilipita tu. Sikusimama, nilipita. Ukaniambia mbele ya watu wote kwamba mtu anayejiweka mahali pa kufia amewaibia wenzake amani. Maneno yako hayo, mpaka leo nayajua kwa moyo. Siku tatu, Mkuu! Mke wangu alidhani nimeiba sabuni." Akaweka vidole kwenye waya. "Haya, wewe sasa umesimama wapi?"

Akatikisa kichwa.

"Saa sita kamili nakuja kukutoa. Ukifa kabla ya hapo, mimi sikukuona."

"Hiyo ni haki," nikasema.

Akaenda. Bila shaka alisimama kwenye mlango, kama kawaida yake, halafu akapita.

Tangu hapo sikuwa na mtu. Sijui kama nitaweza kueleza dakika zile kwa mtu ambaye hajawahi kubanwa mahali ambapo hawezi kuketi, hawezi kugeuka, wala hawezi kukohoa bila kupima kwanza. Joto la mota lilinijia miguuni. Chini ya tumbo maji ya chai ya asubuhi yalianza kunikumbusha umri wangu. Nilijaribu kuiona saa, lakini mnara wa paleti ulikuwa umejazwa upya na sasa uliifunika. Wakati ukawa mizigo. Safu sita, sekunde tisa, safu sita. Nilihesabu, nikapoteza hesabu, nikaanza upya kwa kukisia. Nikagundua kwamba mashine haikunichukia wala haikunijua. Ningekuwa mfuko wa saruji pale pembeni, ingenipita kwa umbali ule ule.

Kisha vikombe viwili vikakosa kufyonza, na katoni moja ikaanguka karibu nami, ikapasuka. Miche ya sabuni ikateleza sakafuni hadi kwenye viatu vyangu. Mmoja ukaingia chini ya soli ya mguu wangu mbovu.

Niliteleza. Mwili ukaenda mbele kuelekea mahali mkono wa chuma unapogeukia, na mkono wangu wa kushoto, bila ruhusa yangu, ukatoka nyuma ya mgongo na kuishika kamba.

Niliishika. Sikuivuta. Nilihisi nyuzi zake zilizosokotwa na nikahisi jinsi ilivyo legevu kidogo, kama kamba ya kengele ya shule. Uzito wa mtoto mchanga ungetosha. Kwa mkono wa kulia niliudaka waya juu ya kichwa changu, nikajivuta nyuma kwa nguvu zote zilizobaki. Katoni tano zikapita, na upepo wake ukanigusa shavuni. Nikaachia kamba kidole kimoja kimoja.

Sitasema nilikuwa shujaa. Nilikuwa nalia, jambo ambalo sikulifanya hata kwenye mazishi ya mke wangu.

Mkono wa chuma ulisimama ukiwa juu. Roli zikanyamaza. Nilidhani ni mapumziko ya sekunde tisa, nikasubiri, na badala yake nikasikia makofi.

Breki alikuja na kuegesha foklifti yake mbele ya mwanya ili wageni wasione. Nikatoka nikishika ukingo wa mzigo wa mwisho, na yeye akanishika kiwiko.

"Unaweza kutembea?"

"Naweza."

"Basi tembea kama mtu aliyekuwa chooni."

Nilinyoosha koti na kutembea. Watu walikuwa wamemzunguka mjukuu wangu. Meneja alikuwa anacheka na mkaguzi mmoja alikuwa amefungua kalamu juu ya karatasi. Mjukuu wangu aliponiona, alipenya katikati yao.

"Babu! Nilidhani umeondoka! Saa nne, haijasimama hata mara moja!"

"Nilikuwapo," nikasema, na huo haukuwa uongo. "Hongera, Fundi."

Nilimpa mkono. Aliushika kwa mikono yake yote miwili, kama nilivyomfundisha kuwashika wazee. Alipouachia alitazama viganja vyake. Vilikuwa na mistari ya njano.

Alivinusa. Kisha akaushika mkono wangu wa kulia, akaugeuza, na kuona kile nilichokuwa sijakiona: miraba ya waya, imechorwa kwa rangi mbichi kiganjani.

"Geuka, babu."

"Kwa nini?"

"Geuka."

Niligeuka. Baadaye niliona mwenyewe: mgongo mzima wa koti ulikuwa na miraba ya njano, safi, kama daftari la hesabu.

"Ni foklifti yangu hiyo, mwanangu," Breki alidakia. "Nimeipaka jana, mzee akaiegemea, nikamwambia kabisa..."

"Nimemuuliza babu," alisema mjukuu wangu, ingawa alikuwa hajauliza bado. Akauliza. "Uzio ulipakwa rangi jana usiku. Upande wa ndani tu, nje ni wiki ijayo. Uliegemea upande gani?"

Uongo ulikuwa pale, umekwisha andaliwa na rafiki mwema. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza.

"Wa ndani," nikasema.

"Tangu saa ngapi?"

"Saa tano na dakika nane."

Midomo yake ilisogea ikihesabu. "Uliingilia wapi?"

"Kwenye mwanya, pazia lilipolala."

"Sekunde zangu tisa," alisema polepole. "Na kamba?"

"Ilikuwa begani kwangu."

"Hukuivuta."

"Ulikuwa hujamaliza."

Akageuka kuelekea meza ya wakaguzi. Kalamu ilikuwa bado wazi. Nikamshika mkono, na mimi, ambaye kwa miaka yote sikuwahi kumruhusu mtoto yule afiche hata kikombe kilichovunjika, nikamwambia kwa sauti ya chini, "Usiende. Mtihani umekwisha. Hakuna aliyeona."

Alinitazama kama anayemtazama mtu aliyevaa koti la babu yake.

"Ulipasua ukurasa wangu," alisema, "na jibu lilikuwa sahihi."

Akaenda. Sikusikia alichowaambia. Nilimwona akinyoosha kidole kwenye mwanya, kisha kwangu, kisha kwenye kifua chake mwenyewe. Nilimwona Meneja akiacha kucheka. Mkaguzi aliifunga kalamu na kuirudisha mfukoni. Kwa mbali nilimwona Breki akivua kofia yake, asijue aiweke wapi.

Mtihani ulifutwa, na wa mwenzake wa kesho ukafutwa pia, kwa kuwa mtambo ulifungwa hadi mwanya ule urekebishwe. Meneja alisema mbele ya wote kwamba fundi aliongeza sekunde kwa uzembe. Mjukuu wangu alijibu kwamba aliziongeza kwa agizo, lakini mkono ulioziongeza ulikuwa wake, na kwamba yote mawili yaandikwe. Mkataba wake unaisha mwisho wa mwezi. Meneja alipolitaja hilo hakumtazama usoni.

Wakaguzi walitaka kujua hasa jinsi mtu anavyoweza kuingia. Kwa hiyo saa nane mchana, mbele ya Meneja, wageni waliobaki na vijana wa zamu ya mchana, nililazimika kuonyesha. Mjukuu wangu alichomoa ufunguo wenye utepe mwekundu, akautia mfukoni mwake, akaukagua mfuko mara mbili. Alikuwa hajasema nami neno tangu adhuhuri.

"Anza nje," alisema. "Kona ya kwanza."

Niliigusa.

"Ya pili. Ya tatu."

Niliruka roli, na goti likanisumbua, na mtu mmoja akacheka, na Breki akamwambia afunge mdomo. Niliizunguka paleti. Niliweka kiganja kwenye kona ya nne, chini, katika safu ya kwanza, watu wote wakitazama. Kisha nikarudi kinyumenyume hatua kwa hatua, hadi mgongo wangu ulipokutana na waya, na koti likaangukia katika miraba yake ile ile.

Mjukuu wangu aliingia kwa mlango, akapiga magoti mbele yangu na kufungua utepe wa kupimia. Aliuweka kwenye kifungo cha koti langu na kuunyoosha hadi mahali ukingo wa katoni unapopita. Alipima mara moja. Akapima tena.

"Sentimita kumi na tisa," alisema, na mkaguzi akaandika.

Alibaki amepiga magoti, kichwa ameinamisha, na nikaona utosi wake, mahali bibi yake alipokuwa akianzia kumsuka.

"Ungekufa humu," alisema, kwa sauti ambayo mimi peke yangu niliisikia, "nami ningekuwa pale mezani nafurahia namba."

"Mama," nikasema. Sijui kwa nini nilimwita hivyo. "Naomba nitoke sasa."

Aliinuka, akauhamishia utepe wa kupimia kwenye bega langu, mahali kamba nyekundu inapopita.

"Simama hapo hapo, babu," alisema. "Bado sijamaliza kupima."